Kerezo la Sila na Maziwa ya Ruthu

Ipagala, Dodoma,
28 Novemba 1915

Mpendwa mdogo wangu Yotham,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Shikamoo yako ya barua ile ya mwezi wa tisa imenifikia, na marahaba yangu nakuletea kwa gari la moshi litakalobeba karatasi hii. U hali gani huko Kigoma? Kifua kimepona? Watu wanaotoka huko wanasema upepo wa ziwani hupenya hata mbavuni, nawe tangu utoto hupendi kujifunika. Kama bado unakohoa, mwombe mama wa pale unapolala akuchemshie tangawizi, wala usijifanye mwanamume wa chuma. Wa chuma ninaye mmoja hapa nyumbani, na ananitosha.

Sisi tu wazima wa mwili. Baba yetu Bartolomayo naye hajambo kwa habari tulizopata, ingawa hatujamwona tangu alipoondoka Ihumwa akaswaga ng'ombe wake mbali, mahali ambapo mimi sipajui na boma halipajui, na heri iwe hivyo. Mvua za kwanza zimenyesha. Tumepanda mtama na uwele, tunangoja.

Mwanao Ruthu ni mzima. Nakuandikia hilo mapema ili usisome yaliyobaki huku moyo unakuruka. Ni mzima, mashavu yamerudi, na nadhani jino linataka kutoka. Lakini yaliyompata si madogo, nami sitaki uyasikie kwa mpita njia wa stesheni. Kaa chini, usome polepole.

Unamkumbuka yule Mgiriki mwenye karakana karibu na reli, ambaye mume wangu Sila alimfanyia kazi tangu reli ilipofika hapa. Vita ilipomwondoa, alimwachia shemeji yako kerezo lake dogo la kukereza chuma, lile linaloendeshwa kwa mguu kama cherehani. Habari zikafika bomani. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, akaagiza kazi ndogo ndogo ziletwe kwa Sila, pete za pampu, skrubu, vifungo vya matandiko ya punda, na maadamu anazifanya, haguswi kupelekwa kubeba mizigo ya vita. Wewe ulichukuliwa kwenda karakana ya Kigoma kwa gari la moshi, umeketi. Wenzako wa hapa wamechukuliwa kwa miguu, na wengi wao hatujawaona tena. Basi kerezo lile likaingia nyumbani kwetu kama mkwe mkorofi. Hulipendi, lakini kulifukuza huwezi.

Najua wewe umezoea karakana kubwa, na kwako kelele ni chakula. Lakini fikiri kelele hizo ndani ya tembe letu la udongo. Magurudumu yake ya meno yameliwa na miaka, kwa hiyo yanapozunguka yanasagana na kugongana. Mkanda wake wa ngozi umeungwa kwa kipande cha chuma, na kila kipande hicho kinapopita juu ya gurudumu kinapiga ta, ta, ta. Miguu ya chuma nayo inatetemesha sakafu, sakafu inatetemesha ukuta, na udongo wa dari unamwagika kwenye ugali, kwenye kitanda, na usoni kwa mwanao.

Ningeyavumilia hayo. Nimeolewa na fundi, nilijua ninachokifuata. Lililonishinda ni Madoa.

Madoa ndiye ng'ombe mmoja tu ambaye Baba alituachia, kwa sababu ya Ruthu. Tangu tulipomzika mkeo, Dorkasi wetu, Mungu ampumzishe, nawe ukachukuliwa kabla machozi hayajakauka, mtoto yule aliishi kwa maziwa ya Madoa na hakuna kingine. Mbuzi wetu walikwenda na askari. Ng'ombe wa majirani wamefichwa au wamekauka. Mwezi wa tisa ndama wa Madoa akafa, nalo kerezo lilikuwa limeingia ndani majuma machache tu kabla yake. Nikafanya kama Mama alivyotufundisha. Nikaichuna ngozi ya ndama, nikaikausha, nikaipaka chumvi, nikaitundika kwenye kigingi kando ya zizi. Kila ninapokamua, namwekea Madoa mbele ya pua. Anainusa, anailamba, anadhani mwanawe yupo, na maziwa yanashuka.

Lakini yalishuka kidogo, na kila siku yakapungua. Ukuta wa zizi ndio ukuta wa chumba cha kerezo. Hata Sila aliponyamazisha mguu ili mimi nikamue, Madoa alisimama masikio yamekaza, akingoja kelele zianze tena. Ng'ombe mwenye hofu hubana maziwa, hilo hata mtoto wa Kigogo analijua. Nikamwambia Sila wazi kabisa kwamba kerezo linamla mtoto. Kuliacha hatuwezi, kulihamisha hakuna pa kulihamishia, basi alinyamazishe.

Sasa nitamsifu mume wangu, maana nitamlaumu hivi karibuni na sitaki uone nimemwonea. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Kwanza alichimba sakafu, akaijaza mchanga wa mtoni, akalaza gogo la mninga juu yake, na kerezo akalifunga kwenye gogo. Mtetemo ukaishia mchangani, na udongo wa dari ukaacha kutuangukia. Kisha akakitoa kile chuma cha mkanda, akazichonga ncha mbili za ngozi ziwe nyembamba, akazilaza moja juu ya nyingine na kuzishona kwa mshipa wa ng'ombe. Ile ta, ta, ta ikafa siku hiyohiyo. Mahali ambapo mhimili ulikuwa ukicheza, akayeyusha risasi na bati, akamimina upya, akapaka mafuta ya nyonyo. Mimi niliyekuwa nikiliapiza kerezo lile nikajikuta nasimama mlangoni kulitazama.

Hakuishia hapo. Alikuwa na hofu kwamba siku moja boma litaleta kazi asiyoiweza na kumwona hana faida. Kwa hiyo akalitengenezea kerezo bamba la mbao lenye matundu, ili liweze kushika vitu ambavyo si vya duara, na kigingi cha kupumzishia patasi ili akereze mti na pembe pia. Kitu cha kwanza alichokikereza kwenye bamba hilo hakikuwa cha boma. Kilikuwa mrija mdogo wa pembe ya ng'ombe, laini kama ulimi, wenye tundu katikati. Alimkerezea Ruthu ili anyonye maziwa kutoka kwenye kibuyu. Siku ile nilimpenda Sila upya, nakwambia kweli.

Na Madoa akatulia. Masikio yakalegea, maziwa yakaongezeka, mtoto akaanza kulala mchana. Ikabaki kelele moja tu, ya lile gurudumu la meno la katikati, chuma kwa chuma. Sila akasema huko karakana ya Mgiriki aliona gurudumu lililofanywa kwa ngozi mbichi, tabaka juu ya tabaka, likabanwa kati ya mabamba mawili ya shaba hadi likakauka gumu kama mfupa. Gurudumu la namna hiyo husukumana na chuma bila kupiga kelele. Wewe huenda umeliona huko. Shida ilikuwa ngozi. Boma limechukua ngozi zote kwa viatu na mikanda ya askari, huwezi kupata hata ya kukalia.

Umeshajua ninakoelekea, sivyo? Wewe ulichunga. Sila hakuchunga. Alilelewa misheni tangu mchanga, kati ya vitabu na nyundo na bustani ya kabichi, na ng'ombe anamjua kwenye chungu.

Nilikamua asubuhi kama kawaida, nikatundika ngozi, nikambeba Ruthu mgongoni kwenda kisimani, na kutoka huko nikapitia shambani. Jioni nikachukua kibuyu, nikaenda kwenye kigingi cha ngozi. Hakuna ngozi. Nikadhani fisi, nikadhani mbwa. Nikamkuta Sila ameketi kando ya jiwe langu la kusagia, na chini ya jiwe kulikuwa na maduara ya ngozi yamepangwa kama chapati. Alikuwa ameyanyoa nywele, ameyaloweka kwenye maji ya jivu, ameyakata yote. Ngozi ya ndama ni nyembamba, kwa hiyo ilimbidi aimalize nzima. Alinitazama kwa furaha ya mtu anayengoja kusifiwa.

Nikamwuliza ngozi ya Madoa iko wapi. Akasema, "Si kelele zimekwisha? Sasa ya nini tena?"

Yotham, alidhani ile ngozi ilikuwa ya kumtuliza ng'ombe asiogope kerezo. Ndama alikufa siku zilezile kerezo lilipokuja, na siku zile ndipo aliponiona naanza kumwekea Madoa ngozi puani. Akaunganisha mambo mawili kichwani mwake, akafunga hesabu. Nami sikuwahi kumweleza, kwa kuwa sikujua kama yuko mtu mzima duniani asiyejua ng'ombe hushusha maziwa kwa nani. Wanasema kuuliza si ujinga. Waongeze kwamba na kueleza si matusi, maana mimi pia nilikuwa na mdomo.

Sikumpiga, ingawa mkono ulitaka. Niliketi chini palepale nikalia, naye aliponielewa akaanza kuyaokota maduara yale moja moja.

Tulijaribu yote. Niliyashona maduara yale juu ya gunia la nyasi, nikapaka chumvi, nikamletea Madoa. Akanusa, akapiga chafya, akageuka. Jivu lilikuwa limekwisha kuondoa harufu ya mwanawe. Nikaazima ndama mkubwa wa jirani, ambaye mama yake amekauka, Madoa akampiga teke. Nikamwimbia, nikamkanda kiwele kwa maji ya moto. Akanipa tone tone, kisha hata tone akaninyima. Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa ni vivyo hivyo.

Nikampa mtoto uji mwepesi wa uwele kwa ule mrija wa pembe. Akautapika. Akaanza kuhara. Macho yakaingia ndani, na ule utosi wake ukabonyea. Kulia kwake kukawa kudogo, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi, maana mtoto anayelia kwa nguvu bado anakudai.

Sila naye akachukua nyundo. Nilimkuta amesimama mbele ya kerezo, anataka kulivunja. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Ukilivunja, kesho uko njiani na mzigo kichwani, nami nitazika wawili." Akaiweka nyundo chini. Tangu siku ile anazungumza kwa sauti ya chini, hata anapoomba chumvi.

Aliyetuokoa ni Batuli. Humjui, alihamia baada ya wewe kuondoka. Ni mke wa Mustapha, mfanyabiashara wa chumvi kutoka Kolo, wamepanga nyuma ya tembe letu. Ana mwanawe Athuman, bado ananyonya. Tulikuwa tukisalimiana tu, na mara moja tuligombana kwa sababu ya kuku. Siku ile aliingia bila kupiga hodi, akamtazama Ruthu mapajani mwangu, akaketi, akafungua kanga. Kisha akasita.

Akasema, "Mama, nikimnyonyesha huyu, kwetu anakuwa mwanangu. Athuman ni kaka yake. Hawataoana, wala hataolewa na ndugu yake yeyote. Si jambo la leo tu. Baba yake atakubali?"

Nikasema atakubali. Sikungoja jibu lako. Barua huenda na kurudi kwa majuma, na mtoto yule hakuwa na majuma. Kama nimekosa, kosa ni langu, usimweke Batuli ndani yake.

Mwanzo Ruthu hakuwa na nguvu hata ya kuvuta. Batuli alimkamulia kidogo kidogo mdomoni, huku Athuman analia wivu mgongoni mwangu. Kesho yake akavuta. Baada ya hapo nikawa nampeleka kila anapotaka, na mashavu yakaanza kurudi. Lile gurudumu la ngozi Sila akalimaliza kimyakimya, akalichonga meno kwa tupa, akalitia mahali pake. Watu wa boma wamelisifu kerezo. Halisikiki hata uani. Mimi nikilisikia halisikiki, nataka kutupa kitu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, nalo limenifanya niichane karatasi ya kwanza.

Biashara ya chumvi imekufa. Punda wa Mustapha wamechukuliwa, amebakiwa na mmoja mzee asiyetakiwa na jeshi. Juma lililopita alisema wanarudi kwao Kolo. Kule kuna shamba, kuna ndugu, na vita, asema, haiwezi kuwapandia milima ile. Batuli akaja kwangu. Hakusema namchukua Ruthu, wala hakusema nakuachia. Aliniuliza, "Unasemaje, mama?"

Ningesema nini? Madoa amekauka. Uji bado unamtoa damu tumboni, tulijaribu tena. Mwingine anayenyonyesha hapa Ipagala ana njaa, maziwa yake hayamtoshi hata wake. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nimeifanya kazi hiyo tangu mwezi wa sita, na nilikuwa nikiipenda kuliko nilivyokuandikia. Mungu hakunipa wa kwangu, unajua. Katika moyo wangu nilikwisha kukuibia mtoto, Yotham. Nilikuwa nikiomba urudi salama, na papo hapo naomba usirudi upesi.

Ningeweza kufunga mzigo wangu nikawafuata. Nililiwaza hilo siku nzima. Lakini mvua ilikuwa imenyesha na mbegu ziko mkononi, na shamba lisipopandwa mwezi huu, hakuna wa kutulisha mwakani. Na Sila nikimwacha peke yake sasa, sijui ile nyundo ataishusha juu ya nini. Nikabaki. Kama utaona nilipaswa kwenda, niandikie, nitaisoma.

Waliondoka Jumatatu. Batuli alimfunga Athuman mgongoni, mimi nikamkabidhi Ruthu mbele, kifuani. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumbembeleza, na wimbo mmoja anaoupenda. Alipofika kifuani mwa Batuli, alilishika titi kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Hakunitafuta. Nilifurahi, Yotham, na nikaona wivu ambao sijapata kuuona maishani mwangu. Nakuandikia wivu huo kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na Sila akiusikia ataumia zaidi.

Amebatizwa, na Batuli anajua. Amesema jina la Ruthu hatalibadili, kwa kuwa ndilo alilompokea nalo. Mustapha amesema nyumba yao iko Kolo penyewe, uliza kwa Mustapha wa chumvi, mtu yeyote atakuonyesha. Nimemweka Mungu awe shahidi mbele yao kwamba baba wa mtoto yu hai na anaitwa Yotham.

Kwa hiyo siku watakayokuruhusu, usije kwangu kwanza. Najua desturi, dada ndiye hupokea. Ukishuka stesheni usigeuke Ipagala kunywa uji wangu, shika njia ya kaskazini, nenda Kolo ukamwone mtoto, umshukuru mama yake. Mwite hivyo, mama yake. Mimi nimekwisha kujifunza kulitamka. Ukirudi kutoka huko, ndipo upite unieleze anavyokaa, na kama ameanza kutambaa.

Sila anakusalimu sana, na anaomba radhi. Alitaka kukuandikia mwenyewe, lakini kila akianza anaweka kalamu chini. Mpe neno la huruma katika barua yako, hata moja. Bibi Mwanne wa kisimani anakusalimu, na mzee Gideoni wa kanisani, na wake wote wa Baba kule Ihumwa. Salamu za Ruthu huwa naziweka mwisho, na kidole chake nakichovya wino nikakibandika chini ya karatasi ili ukione. Leo pale chini hapana kitu. Usiogope utakapoona.

Bwana akulinde na upepo wa ziwa lile na mikono ya wenye vita, akakurudishe ukiwa na miguu ya kupanda mlima.

Ni mimi dada yako akupendaye, leo kuliko jana,
Loisi